Maduka Kumi na Saba Yasiyo na Dosari

Naomie hakuliona vumbi. Aliziona rafu, akayaona maboksi yaliyopangwa juu ya rafu, akayahesabu moja moja na kuyaandika kwa mwandiko uliotulia wa mtu aliyefundishwa kwamba namba ikikosewa kwenye famasia, mtu hufa. Katika maduka kumi na saba ya dawa, matano ya Wamaza na kumi na mawili ya Salamabila, hakuacha kuhesabu chochote kilichokuwepo. Lakini kati ya boksi na boksi, juu ya rafu zile zile, palikuwa na nafasi safi zenye pembe nne, mbao tupu, ilhali pembeni mwake vumbi jekundu la barabara lilikuwa limelala kama unga wa muhogo kwenye turubai. Mtu yeyote aliyewahi kutumwa dukani angeziona na kuuliza: hapa jana palikaa nini? Naomie alipita. Fomu yake haikuwa na safu ya kuandikia kisichokuwepo, naye hakuiongeza.

Alikuwa mfamasia wa hospitali moja ya Kasongo, binti wa wakulima wa kando ya mji, aliyesomea Kisangani na kurudi nyumbani wakati wenzake wengi walitafuta kazi Kinshasa au Lubumbashi. Kwa miaka tisa alikuwa akiwapokea, kwenye dirisha la ghala lake la dawa, akina mama walioshuka kwenye pikipiki kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila wakiwa na watoto waliolegea mikononi na kifuko cha plastiki chenye vipande vya vidonge. Vipande vile vilikatwa kwa wembe. Mama akiulizwa mtoto alipewa dawa kiasi gani, alionyesha kwa ncha ya kidole. Watoto wengi walipona. Mmoja, msichana wa miaka minne, alipona homa akabaki hasikii, kwa dozi iliyozidi.

Baada ya msichana huyo, Naomie aliona kwamba kazi yake haiwezi kuishia dirishani. Alitaka kwenda kukaa na wauzaji wa dawa wa Kabambare, eneo lenye Salamabila na Wamaza, ajue kwa hakika wanapangaje dozi ya mtoto, kisha awafundishe na kupima kama mafunzo yamebadilisha kitu. Kwa hilo alihitaji ruzuku ya utafiti, na ruzuku iliyomfaa ilikuwa moja tu. Ilitolewa na mfuko wenye ofisi Kinshasa, uliosaidia wafamasia ambao hawajatimiza miaka kumi tangu wapate shahada. Alikuwa ameomba mara mbili. Mara ya kwanza walimwambia mradi hauna mtaalamu wa takwimu. Akamtafuta. Mara ya pili wakamwambia hana matokeo ya awali. Akayatafuta pia, kwa likizo yake mwenyewe na mgongo wake mwenyewe, siku tisa juu ya pikipiki. Hii ilikuwa mara ya tatu, na mwezi wa saba ungemkuta ametimiza miaka kumi.

Jibu lilimfikia Jumanne asubuhi, akiwa amesimama kwenye kona ya ukuta wa hospitali ambako simu hunasa mtandao. Lilikuwa fupi, lenye adabu. Matokeo ya awali, liliandika, yanaonyesha kwamba katika maduka kumi na saba yaliyotembelewa hakuna hata moja lililokuwa na dawa za sindano, wala antibiotiki za kuuzwa bila karatasi ya daktari, wala vidonge vilivyokatwa. Kamati inampongeza mwombaji kwa umakini wa kazi yake. Hata hivyo, kamati haioni tatizo ambalo mradi unakusudia kulitatua. Mwombaji anaruhusiwa kuwasilisha upya mara moja, ndani ya siku arobaini.

Alilisoma mara tatu. Kisha akaenda nalo kwa Dokta Michel, mganga mkuu wa hospitali, ambaye saini yake ilikuwa kwenye kila karatasi ya mradi ule. Dokta Michel alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Eeh, Pharmacienne! Hii ni barua ya kupiga nayo shangwe!"

"Docteur, wamekatala."

"Wamekatala na pongezi. Miye wananikatalaka bila pongezi." Alirudia kuisoma. "Maduka kumi na saba, na hata moja haiko na kosa! Hii nitaitia mu rapport ya mwaka. Watu wa juu watafurahi sana."

"Na watoto wenye wanafikaka hapa kila juma, wametoka wapi?"

"Weye mwenyewe uliandika kama ni wale wachuuzi wanaotembeza dawa mu ndoo."

Ni kweli, aliandika hivyo. Maduka yalipomwonyesha usafi usiolingana na watoto wa dirishani kwake, alitafuta maelezo, na maelezo ya wachuuzi wa ndoo yalikuwa karibu, yakamtosha. Alichukua barua yake akatoka, na njiani kuelekea ghalani alihisi hasira isiyo na mtu wa kuielekezea, kwa sababu kila mtu aliyemfikiria alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, yeye wa kwanza.

Maana siku zile tisa hakuruka hatua hata moja. Mfuko ulidai kibali kwa kila ziara, na Naomie alilelewa katika nyumba ambayo mtu hafiki kwa watu bila kujulisha. Karatasi yake ya safari ilisainiwa na Dokta Michel. Kutoka Kasongo alizunguka kwanza hadi Kabambare penyewe, siku nzima ya makorongo na matope, ili ofisi ya eneo ipige muhuri wa kufika. Kisha ofisi ya afya. Kisha wakuu wa huko aendako, nao wakapiga mihuri yao nyuma ya karatasi hadi pakakosa nafasi, ikabidi ubandikwe ukurasa wa pili. Mbele ya kila kituo alimtuma dereva wake wa pikipiki atangulie na barua ya heshima: mtafiti atafika kesho, ataanza na maduka yaliyo upande wa soko, anaomba mapokezi mema. Alikuwa na fahari na karatasi ile. Aliipiga picha mbele na nyuma, akaiambatisha kwenye maombi.

Alianza kuandaa maombi mapya siku ya pili yake, mchana, kati ya wagonjwa. Alidhani kosa liko kwenye maelezo, kwamba hakuueleza uzito wa jambo kwa nguvu ya kutosha. Akafungua picha alizopiga madukani ili achague moja ya kuweka katika kiambatisho, akaikuza apate kusoma jina la dawa ya kikohozi. Jina likapita pembeni mwa kioo, likaja badala yake pembe nne safi katikati ya vumbi. Akaisogeza picha. Pembe nne nyingine. Akafungua picha ya duka la pili, la tatu, la kumi. Katika duka la kumi na moja mtu alikuwa amejaribu kulifuta vumbi lote ili nafasi zisionekane, akaishia katikati; alama za vidole vyake zilikuwepo.

Mgonjwa aligonga dirishani mara mbili kabla Naomie hajasikia.

Jioni alimwita Kasimu, dereva aliyembeba siku zile zote. Kasimu alikuwa mzaliwa wa Wamaza, Mubangubangu kwa kabila, mwenye maneno mengi na ndevu chache, aliyejua kila shimo la barabara kwa jina alilolipa mwenyewe. Naomie alimwonyesha zile picha. Kasimu aliziangalia kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha za arusi.

"Zimetoka muzuri," alisema.

"Kasimu. Walificha dawa."

"Njo vile, walificha."

"Ulijua?"

"Dada Naomie, barua za kutangulia, nani alizipelekaka?"

"Weye."

"Na miye nani alinituma?"

Naomie aliigeuza simu, kioo chini.

"Basi," alisema Kasimu. "Nikifika na barua, wanauliza: mugeni anafika lini? Ninajibu kesho. Wanauliza: anaanza na fasi gani? Ninajibu fasi ya soko, maana njo vile imeandikwa. Wanashukuru, wananipa chai. Sasa unanikasirikia miye?"

"Kwa nini haukuniambia?"

Kasimu alishangaa, na mshangao wake ndio uliomuumiza Naomie kuliko yote. "Nilizani unajua! Watu wa kashe, wenye karatasi za muhuri, wote wanajuaka. Wanafika, wanaona duka safi, wanaandika safi, wanarudi, kila mutu analala vizuri. Nilisema, huyu dada ana adabu kupita wote, anawapa watu siku muzima ya kupanga nyumba."

Naomie alikaa juu ya kreti tupu. Siku tisa. Ukurasa wa pili uliobandikwa kwa gundi.

"Kama unataka kuona," Kasimu alisema kwa upole zaidi, "twende siku ya soko. Bila barua. Bila ile blouse yako nyeupe. Na ukae nyuma yangu kama mutu."

Walikwenda Jumamosi iliyofuata. Hakuomba karatasi ya safari na hakumwambia Dokta Michel. Kwenye kizuizi cha kwanza waliulizwa mama huyu anaenda kufanya nini. Kasimu akasema anaenda kununua kitenge kipya, apate kumfurahisha bwana wake ambaye yeye amemkosea, na wale watu wakacheka, wakainua mti. Naomie aliona haya hadi masikioni. Alikuwa na mume huko Kasongo ambaye yeye hakuwahi kumkosea kwa lolote.

Duka la Esther-Divine lilikuwa nyuma ya soko la Salamabila, kati ya muuza karanga na mnunuzi wa dhahabu. Katika ziara ya kwanza mwanamke huyo alikuwa amempa Naomie kiti, maji ya kunywa, na rafu zenye dawa ya minyoo na bandeji. Sasa alimtambua akiwa bado mbali. Akaweka mkono kwenye mlango.

"Wapi barua?"

"Haiko, mama."

"Na karatasi yenye kashe?"

"Haiko. Nimekuja kuangalia tu."

Esther-Divine alimtazama Kasimu. Kasimu aliapa kwa Mungu na kwa pikipiki yake. Ndipo mwanamke aliposogea pembeni. Rafu zilijaa hadi juu. Kulikuwa na sindano, kulikuwa na antibiotiki za rangi zote, kulikuwa na kwinini za chupa na za vidonge, na mkebe wa maziwa uliojaa vidonge visivyo na jina.

"Siku ile, hii yote ilikuwa wapi?" Naomie aliuliza.

"Chini ya kitanda cha mama-mukwe. Alilala juu ya sindano mia mbili, mama wa watu. Mugongo bado unamuuma, na anasema ni weye."

"Uniombee radhi kwake."

"Nitakuombea. Lakini nikuulize na miye. Mutu mwenye kashe, tangu nimefungua hapa, akifika anatoka na boksi, karto nzima ya dawa zangu. Hajapata hata siku moja kuniachia kitu, hata neno. Sasa weye ulitaka nikuonyeshe nini?"

Kabla Naomie hajajibu, aliingia kijana wa machimboni akiwa na dada yake mdogo mgongoni, mtoto mwenye homa, macho yamezama. Esther-Divine alimtazama mtoto kwa jicho moja la haraka. Akatoa kidonge mkebeni, akakikata kwa wembe. Kisha akafanya jambo ambalo Naomie hakuwahi kulisikia wala kulisoma popote. Alifungua dirisha dogo la ukuta, akapokea kutoka kwa jirani yake mizani ya dhahabu, ile midogo yenye visahani viwili. Akaweka nusu ya kidonge upande mmoja na nusu upande wa pili. Hazikulingana. Akakwangua kwa wembe, akapuliza unga, akapima tena, akakwangua tena, hadi sindano ya mizani iliposimama wima. Alifanya hivyo bila haraka, kwa ustadi ambao Naomie alikuwa ameuona kwa maprofesa wawili tu maishani mwake.

"Hapa Salamabila," alisema Esther-Divine bila kuinua kichwa, "mutu hakatake kitu kwa macho."

"Na mutoto?" Naomie aliuliza.

"Mutoto namna gani?"

"Mutoto umemupima?"

Mizani ilibaki hewani. "Mutoto si anaonekana? Ni wa miaka ine."

"Ana kilo ngapi?"

Hakuna aliyejua. Naomie alitoka nje akamwomba muuza karanga mizani yake ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Wakamfunga mtoto kwenye kanga, wakamtundika chini ya mti wa paa, na watu wa soko wakakusanyika kutazama. "Munauzisha ule mutoto?" mmoja alipiga kelele. "Anafanya ngapi?" Kaka mtu alicheka, kisha aliacha kucheka Naomie aliposoma kilo. Zilikuwa kilo za mtoto wa miaka miwili. Nusu ile iliyopimwa kwa mizani ya dhahabu, hadi unga wa mwisho, ilikuwa karibu maradufu ya kile ambacho mwili ule ungeweza kubeba.

Esther-Divine aliiangalia ile nusu kwenye kiganja chake. Kisha akauchukua wembe akaikata tena, akaenda kuipima.

Hivyo ndivyo Naomie alivyopata matokeo aliyoyatafuta kwa miaka mitatu. Jumamosi mbili zilizofuata alirudi, na Esther-Divine mwenyewe akamtembeza. Maduka kumi na moja yalimfungulia, tisa ya Salamabila na mawili ya Wamaza. Katika mengi aliyakuta yale yale: mkono ulioizoea dhahabu ukipima dawa kwa usahihi usio na mfano, na mtoto akikadiriwa kwa jicho. Alijua kwa uhakika kwamba hakuna kamati duniani iliyowahi kusoma jambo hili, na kwamba tiba ya tatizo hili, kumpima mtoto tu, ilikuwa nyepesi kuliko yote aliyoyafikiria. Wauzaji walimpa sharti moja. Aandike kila kitu, ila majina yao na mahali pao yasionekane popote. Aliwaahidi. Katika daftari lake maduka yalikuwa na herufi tu, naye kila duka aliliachia namba yake ya simu.

Zilibaki siku kumi na mbili alipompigia Madame Olga, ofisa wa mfuko kule Kinshasa. Madame Olga alikuwa na sauti nzuri, yenye subira, na alizungumza Kifaransa cha mtu anayesoma sheria kabla ya kulala.

"Ni ugunduzi wa ajabu," alisema baada ya kumsikiliza hadi mwisho. "Nasema kweli. Una vibali vya ziara hizo?"

"Sina. Ningekuwa navyo, nisingeona kitu."

"Naelewa. Lakini takwimu zilizokusanywa bila kibali hatuwezi kuzipeleka mbele ya kamati. Ni kanuni ya maadili ya utafiti. Inawalinda hao hao wauzaji."

"Na zile za kwanza?"

"Zile zina vibali. Zile unaweza kuzitumia."

"Zile si za kweli, Madame."

Naomie alisikia mtu akitembea kwenye sakafu ya vigae, mbali sana. "Nasema tu kuhusu kanuni," Madame Olga alisema mwishowe. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza: "Kama mganga mkuu wako atatoa kibali cha kuthibitisha ziara hizo, hata baada ya kufanyika, nitakipokea. Kiwe na orodha ya maduka."

Dokta Michel hakukasirika kama Naomie alivyoogopa. Alimsikiliza, akatikisa kichwa kuhusu ile mizani ya dhahabu, akasema watu wa Salamabila wangepimia hata chumvi ya mboga kwenye mizani hiyo. Alipenda jambo lile. Na zaidi alipenda hospitali yake ipate ruzuku.

"Haiko tatizo. Miye nasaini leo. Hata tarehe ya nyuma nitatia. Unipe tu liste: majina ya wenye maduka na fasi zao."

"Bila liste haiwezekani?"

"Naomie, kashe haiangukake mu hewa. Inaomba fasi ya kukaa."

"Na kopi ya liste itaenda wapi?"

"Itaenda kwenye kopi zote zinaendaka. Ofisi ya teritwari, watu wa afya, watu wa inspeksio." Aliona uso wake. "Weye unataka ruzuku ao hautaki? Ukishaipata utawafundisha wote. Watakushukuru. Wakichukuliwa karto moja moja, si watanunua zingine?"

"Na akifungiwa duka?"

"Atafungua lingine. Unawajua wale watu."

Alitoka akiwa na karatasi nyeupe aliyopewa kwa ajili ya orodha. Siku kumi aliibeba. Alibishana na nafsi yake kwa haki kabisa, bila kujipendelea. Watoto wangapi wangepona kwa miaka miwili ya mafunzo? Wauzaji kumi na mmoja ni nini mbele yao? Kila hesabu aliyoifanya ilimwambia aandike. Lakini kila alipofika mwisho wa hesabu alimwona Esther-Divine akisogea pembeni mlangoni, na hilo halikuwa na safu ya kuwekwa.

Ijumaa ya mwisho alikaa ghalani mbele ya kompyuta. Mfumo wa maombi ungefungwa saa kumi na moja kwa saa za Kinshasa. Mtandao ulikuja, ukaondoka, ukarudi. Saa nane alikuwa amekamilisha kila ukurasa isipokuwa mmoja. Dokta Michel alikuwa amekuja mara mbili akiwa na muhuri mfukoni, na mara ya pili aliuweka tu mezani karibu na karatasi nyeupe. Naomie alichukua kalamu. Aliandika namba moja, akaandika jina la Esther-Divine, akaandika "nyuma ya soko, kati ya". Hapo akasimama. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaichana, akavitia vipande kwenye ndoo ya takataka za dawa ambazo huchomwa moto kila Ijumaa.

Kisha akaandika barua ya ukurasa mmoja. Alisema kwamba matokeo yake ya kwanza si ya kweli na anayaondoa. Alieleza yalivyopatikana, na kwamba kosa ni lake, kwa kuwa alihesabu alichoonyeshwa. Alieleza alichokiona baadaye na kwa nini hatawataja wenyewe. Akabonyeza. Mfumo ukamrudishia maandishi mekundu: kiambatisho cha nane, kibali cha ziara, hakipo. Akabonyeza tena. Maandishi yale yale. Saa kumi na dakika arobaini za Kinshasa aliituma barua na maombi yote kwa anwani ya Madame Olga, akazima kompyuta, akaenda kumpa dawa mzee aliyekuwa amengoja dirishani tangu saa sita.

"Umekatala kitu chako mwenyewe," Dokta Michel alimwambia alipokuja kuuchukua muhuri wake. Alisema kwa huzuni, wala si kwa ubaya. "Miye sijaona mutu wa namna hii."

Jumatatu jibu lilifika. Maombi hayakukamilika, kwa hiyo hayakupelekwa kwenye kamati. Madame Olga aliongeza mstari wake mwenyewe chini: aliisoma barua, na anasikitika sana. Siku hiyo hiyo Naomie alimwomba Dokta Michel aondoe yale maduka kumi na saba kwenye ripoti ya mwaka. Dokta Michel akainua mikono. Ripoti ilikuwa imekwisha kutumwa, na kutoka juu walikuwa wamejibu kwamba Kabambare iwe mfano kwa maeneo mengine. Naomie alirudi ghalani, akafunga mlango, akapiga kreti teke. Ilimuumiza kidole kwa juma zima.

Mwezi wa saba ulikuja ukapita, akatimiza miaka yake kumi, na mfuko ukatangaza mwaliko mpya usiomhusu tena. Katikati ya mwezi wa nane, saa tatu ya asubuhi, simu yake iliita akiwa anahesabu chupa za maji ya drip. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Dada, ni miye, Esther-Divine. Niko na mutoto hapa, tumemupima kwa mwenye karanga. Kilo kumi na moja. Ana homa tangu jana, na anatapika. Nimupe nini?"

"Usimupe kitu kwanza. Anakunywa maji?"

"Anakunywa."

"Macho yake yako namna gani?"

Walizungumza hadi salio la Esther-Divine lilipokwisha, na Naomie ndiye aliyempigia tena kumalizia. Mtoto yule aliletwa Kasongo jioni yake, akiwa hajapewa kitu kisichomfaa.

Naomie hakuomba ruzuku nyingine, na hana karatasi yoyote inayomruhusu kufanya anachofanya. Tangu mwezi ule, wauzaji tisa wa Salamabila na wawili wa Wamaza humpigia simu na kumtajia kilo za mtoto kabla ya kumpa dawa wasiyo na hakika nayo.